Bibi wa Mbagala, mjukuu wa Edmonton: hoki ya barafu inatazamwaje?

Swali: *Naishi Mbagala. Binti yangu yuko Edmonton, Kanada, na mwanawe wa miaka kumi anacheza mpira wa magongo wa kwenye barafu. Jumamosi jioni wananipigia simu ya video nimwone akicheza. Nakaa na wajukuu wa hapa tunashangilia pale tunapoona watu wanashangilia, lakini kusema kweli hatuelewi kitu. Mpira hatuuoni. Wachezaji wanaingia na kutoka bila mpangilio. Kuna siku walimfungia mtoto kwenye kijumba peke yake nikadhani ameumia. Juzi kaniambia kapata pointi mbili, na mimi sikumwona akifunga hata bao moja. Naomba unifundishe kuutazama. Tena uniambie ukweli, hawaumizani? Na hawa wa hapa Dar nao wanaweza kuucheza?*

Jibu:

Shikamoo mama.

Nianze na huo mpira msiouona, maana ndio unaowakatisha tamaa wengi. Kwanza si mpira wa duara. Ni kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachoitwa paki, upana wake sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, uzito kati ya gramu 156 na 170. Ukikishika mara ya kwanza utashangaa uzito wake. Kwenye mechi za wakubwa hugandishwa kabla ya kuchezwa, kwa sababu paki yenye joto inadundadunda na iliyoganda inalala chini na kuteleza vizuri.

Kitu cha namna hiyo, kupitia simu ya mkononi na bando la Mbagala, usitegemee kukiona. Hata anayekaa uwanjani kuna wakati kinampotea. Wazoefu wa mchezo huu hawahangaiki nacho. Wanatazama wachezaji wanaelekea upande gani, nyuso zimegeukia wapi, na nani ameshusha gongo lake barafuni anasubiri pasi. Watu kumi wakikimbilia kona moja, paki iko kona hiyo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza nalipeleka kwa binti yako. Najua anamfuata mtoto na kamera kila anapokwenda, wazazi wote ndivyo walivyo, na ndiyo sababu huelewi. Mwambie apande juu kidogo jukwaani, asimame usawa wa katikati ya kiwanja, akushikie simu kwa upana mpaka uone mistari yote. Mjukuu wako atakuwa mdogo kwenye kioo, lakini mchezo utauona.

Kiwanja cha Kanada kina urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26. Kimezungushiwa ukuta wenye vioo kwa juu, na ukuta huo ni sehemu ya mchezo. Hakuna mpira wa kurusha. Mchezaji anaweza kuipiga paki ukutani kwa makusudi ili imrudie mwenzake mbele, na nyuma ya magoli kuna nafasi ambako mchezo unaendelea kama kawaida. Ukiona mtoto amezunguka nyuma ya goli la wapinzani, usidhani amepotea njia. Kule nyuma kipa hamuoni vizuri, na mabao mengi huanzia huko.

Kila timu ina watu sita barafuni: kipa, mabeki wawili, na washambuliaji watatu, yaani mmoja wa kati na mawinga wawili. Kwa wakubwa mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila refa anapopuliza filimbi, kwa hiyo kujiangusha ili kupoteza muda hakusaidii kitu. Vipindi vya watoto ni vifupi zaidi. Kila filimbi inafuatwa na refa kuiangusha paki katikati ya wachezaji wawili wanaotazamana, wakaigombea.

Sasa huko kuingia na kutoka. Mpangilio upo, na ukishaushika utakuwa umeelewa nusu ya mchezo. Kuteleza kwa nguvu zote huku umevaa mavazi yale ni kazi ngumu, mfano wa kupanda ngazi za ghorofa nne mbio na ndoo ya maji mkononi. Sekunde arobaini, hamsini, miguu imekwisha. Ndiyo maana wanabadilishana muda wote, mchezo ukiendelea, bila kumwomba refa ruhusa. Benchi linagawanywa kwa makundi, kundi moja likitoka jingine linaingia. Kosa ni kuzidisha idadi barafuni, hapo timu inaadhibiwa.

Sanaa iko kwenye kuchagua wakati. Timu inayojua kucheza huisukuma paki mbali upande wa wapinzani kwanza, ndipo inakimbilia benchi. Isiyojua hubadilishana huku wapinzani wanakuja, nao wanakuta mlango wazi. Jumamosi ijayo, bao likifungwa, jiulize nani alikuwa anatoka barafuni wakati ule. Mara nyingi jibu liko hapo, wala si kwa kipa ambaye kila mtu atakuwa anamlaumu.

Mistari nayo. Upo mwekundu wa katikati na miwili ya bluu, mmoja kila upande. Wa bluu ndio wa kuotea, na sheria yake ni nyepesi kuliko ya soka, kwa sababu mstari hauhami. Huhitaji kumtafuta beki wa mwisho alisimama wapi. Paki lazima ivuke mstari wa bluu wa wapinzani kabla ya mshambuliaji yeyote. Akitangulia mtu, ameotea. Mtazame mjukuu wako akifika pale: utaona anafunga breki ghafla au anakwenda kwa ubavu sambamba na mstari, mguu mmoja ameuacha nyuma. Anamsubiri mwenye paki avuke.

Kosa jingine linaitwa aisingi. Timu imebanwa, mtu anaipiga paki kutoka nusu yake mwenyewe mpaka inavuka mstari wa goli la wapinzani bila kuguswa na yeyote. Filimbi inalia, mchezo unarudishwa kuanzia karibu na goli la aliyepiga. Na kwa wakubwa kuna nyongeza inayouma zaidi: timu iliyofanya kosa hairuhusiwi kubadilisha wachezaji. Watu wamechoka, walipiga mbali ili wapumue, sasa wanalazimika kubaki wale wale. Mimi naona hii ni moja ya sheria nzuri kabisa katika michezo yote.

Tuje kwenye kijumba. Hakuumia mama, alikuwa anatumikia adhabu. Hoki haitegemei kadi. Ukimpiga mwenzako mtama kwa gongo, ukamshika, ukamkwatua mikono, unakaa kibandani dakika mbili na timu yako inacheza pungufu. Makosa mazito ni dakika tano, na mabaya zaidi unaondolewa kabisa mchezoni. Katika zile dakika mbili, wapinzani wakifunga, aliyefungiwa anaachiwa hapo hapo. Kwa hiyo ukiona mtoto anatoka kibandani mapema huku ameinamisha kichwa, ujue wamefungwa.

Dakika hizo mbili usinyanyuke kwenda kupika chai. Wenye watu wengi hutulia, wanaizungusha paki taratibu kuzunguka goli, wanamhamisha kipa kulia na kushoto mpaka apatikane mwenye nafasi. Wenzao wanne wanajibana katikati na kujitupa mbele ya mashuti. Katika ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, NHL, bao hupatikana karibu mara moja katika kila nafasi tano za namna hiyo. Timu inayotumia vizuri nafasi hizo ina dalili zote za kwenda mbali.

Na zile pointi mbili hakukudanganya. Aliyefunga anapata pointi moja, na waliotoa pasi za mwisho, mpaka watu wawili kwa bao moja, kila mmoja naye anapata pointi moja. Pasi ya pili kutoka mwisho inahesabiwa sawa na bao! Wayne Gretzky, aliyewachezea Oilers wa hapo hapo Edmonton na kuchukua nao Kombe la Stanley, yaani kombe la ubingwa wa NHL, mara nne katika miaka ya 1980, alifunga mabao 894 katika ligi, na Alexander Ovechkin akaipita idadi hiyo Aprili 2025. Lakini pasi za mabao za Gretzky peke yake zinazidi jumla ya pointi za mchezaji mwingine yeyote aliyewahi kucheza NHL. Kwa hiyo mjukuu akikwambia pointi, muulize: za kufunga au za pasi? Atashangaa bibi yake kajulia wapi.

Kuna jambo litakalokushtua siku moja, bora nikuambie mapema. Timu iko nyuma kwa bao moja, imebaki dakika moja au mbili, ghafla kipa anakimbilia benchi na goli linaachwa tupu. Hajagoma. Wamemtoa wamwingize mshambuliaji wa sita, kwa sababu kufungwa kwa bao moja au mawili ni kufungwa tu. Mara nyingi wanapigwa bao la goli tupu, mara chache wanasawazisha, na uwanja mzima unasimama.

Goli lenyewe ni dogo. La pale Kwa Mkapa lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, la hoki ni mita 1.83 kwa 1.22. Robo ya upana, nusu ya kimo. Magoli manane ya hoki yanaenea ndani ya goli moja la soka, na bado kipa amelijaza kwa mavazi. Ndiyo maana mechi ya kawaida haizidi sana mabao matano au sita kwa timu zote mbili. Ukimpenda kipa kuliko wafungaji hutakuwa umekosea: Grant Fuhr, kipa mweusi aliyekulia Spruce Grove, nje kidogo ya Edmonton, alichukua Kombe la Stanley mara tano na Oilers, na mwaka 2003 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la Hoki. Kabla yake, Januari 1958, Willie O'Ree alikuwa mweusi wa kwanza kucheza NHL, akiwa na Boston Bruins, huku jicho lake la kulia likiwa karibu halioni kabisa kwa kupigwa na paki. Alilificha hilo, kwa sababu wangejua wasingemruhusu kucheza.

Hapo ndipo swali lako la kuumizana. Umeomba ukweli.

Ni mchezo wa hatari zaidi ya soka, hilo sikufichi. Barafu ni ngumu, mwendo ni wa kasi, paki ya mkubwa aliyebobea inazidi kilomita 160 kwa saa. Chuma kilicho chini ya kiatu kina unene wa milimita tatu hivi, nacho kimechongwa mfereji katikati ili pande zote mbili zibaki na makali. Oktoba 2023 mchezaji mmoja wa kulipwa alifariki huko Sheffield, Uingereza, baada ya kiatu cha mwenzake kumkata shingoni. Tangu hapo vikinga shingo vimesambaa hata kwa wakubwa waliokuwa wakividharau, na shirikisho la dunia limevifanya lazima katika mashindano yake. Wakubwa ni wabishi siku zote: makipa wa NHL walicheza uso wazi miaka mingi, mpaka Jacques Plante wa Montreal alipopigwa usoni Novemba 1959, akashonwa, akakataa kurudi uwanjani bila barakoa.

Mjukuu wako yuko kwenye mazingira tofauti na hayo. Chini ya Hockey Canada watoto wanavaa kofia ngumu yenye wavu mbele ya uso, kikinga shingo, mabega, viwiko, miundi, suruali nene na glovu. Kugongana kwa makusudi, kule kumsukumia mtu ukutani unakokuona kwenye klipu za wakubwa, hakuruhusiwi kwa umri wake; chama hicho kiliamua mwaka 2013 kwamba kusianze kabla ya ngazi ya miaka 13 na 14. Kupigana ngumi ndiko usiwe na wasiwasi nako kabisa. Katika NHL wanaopigana hukaa kibandani dakika tano na kurudi, jambo ambalo mimi naliona la aibu ingawa wapo wanaolishabikia. Kwa watoto ni kutolewa na kufungiwa mechi, na kwenye mashindano ya kimataifa pia wanatolewa.

Kinachopaswa kuangaliwa ni kichwa. Mtoto akianguka akajigonga, halafu akalalamika kichwa kinauma, anasikia kichefuchefu, mwanga unamsumbua au anaonekana amezubaa, anatoka siku hiyo hiyo na harudi mpaka daktari aseme. Hata kama ni fainali, hata kama analia. Mwulize binti yako kama kocha wao anafuata hivyo. Akijibu kwa kusitasita, basi hapo bibi ana haki ya kuwa mkali.

Nimekuwa mwamuzi wa mechi za watoto kule kabla ya kurudi Dar, na wazazi wengi niliowaona walihesabu mabao tu. Mimi nilikuwa naangalia breki. Mtoto wa miaka kumi anayeweza kusimama ghafla kwa upande wa kulia na wa kushoto, theluji ikaruka chini ya miguu, na anayeweza kuteleza kinyumenyume bila kujitazama miguu, huyo anakua. Mabao yatakuja. Wengi wana upande mmoja tu wa kufunga breki, na ukimtazama vizuri utaujua wa kwake ni upi.

Historia nitaipitia haraka. Watu wamepiga vitu kwa magongo juu ya maziwa yaliyoganda kwa karne nyingi, lakini mechi ya kwanza ya kupangwa ndani ya jengo ilichezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875, kwa kisahani cha mbao badala ya mpira ili kisiruke kikawaumiza watazamaji. Kombe la Stanley lilitolewa mwaka 1892, NHL ikaundwa 1917, Olimpiki ikaupokea mchezo mwaka 1920, na wanawake wakaruhusiwa kuugombea huko Nagano mwaka 1998. Warusi, Waswidi, Wafini na Wacheki wanaucheza vizuri sana, ingawa Mkanada hapendi kuambiwa hivyo.

Sasa wajukuu wa hapa. Barafu Dar hatuna, na kuitengeneza si suala la friza kubwa. Inatakiwa sakafu ya zege yenye mabomba ya kupoozea chini yake, maji yamwagwe tabaka kwa tabaka mpaka barafu ifike unene wa sentimita tatu hivi, na ibaki kwenye nyuzi joto tano hivi chini ya sifuri usiku na mchana. Joto letu ni nusu ya tatizo. Unyevunyevu wa pwani ndio mbaya zaidi, kwa sababu hewa ile ikiingia inageuka ukungu ndani na matone darini, kwa hiyo unahitaji mitambo ya kukausha hewa pamoja na ya kupooza. Bili ya umeme nakuachia uikisie.

Lakini jirani wamejaribu. Nairobi kuna uwanja mdogo wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na ndani yake ikazaliwa timu ya Ice Lions. Kwa muda mrefu hawakuwa na wa kucheza naye nchi nzima. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, wakiwa na nyota wawili wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wamevaa jezi zao. Mwaka 2024 Kenya ikawa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia. Afrika Kusini wamo tangu 1937.

Mbagala anza bila barafu. Watoto wa Kanada wenyewe wakitoka uwanjani wanacheza barabarani, wamevaa raba, kwa mpira wa tenisi na magoli ya kuunga. Sheria ya kuotea iacheni, kugongana kupigwe marufuku, gongo lisipande juu ya kiuno. Mahali penye sakafu laini ya saruji wanaweza kuvaa viatu vya matairi. Ipo hoki kamili ya namna hiyo, wanne ndani na kipa. Kofia ya baiskeli na vikinga magoti visikosekane.

Na usisahau mpira wa magongo wa kawaida, wa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, ambao nchi hii inao siku nyingi. Moscow 1980 kila mtu anawakumbuka Filbert Bayi na Suleiman Nyambui na medali zao za fedha. Timu yetu ya magongo nayo ilikuwepo Olimpiki ile ile. Ilishika nafasi ya mwisho kati ya sita, lakini ilifika. Mtoto aliyezoea kuudhibiti mpira kwa gongo akiwa ameinua kichwa, akienda Edmonton siku moja, kitakachobaki ni kujifunza miguu.

La mwisho ni la saa. Majira ya baridi tunawatangulia Edmonton kwa saa kumi, ndiyo maana mechi yao ya asubuhi inakukuta jioni. Mechi za Oilers nyumbani zinazoanza saa moja usiku kwao, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata. Kuanzia Machi wanapobadili saa, zinakuwa saa kumi. Hatua ya mtoano huanza Aprili, na hapo mechi ikiwa sare hawapigi penalti, wanaongeza vipindi vya dakika 20 mpaka mmoja afunge. Mwaka 1936 Detroit na Montreal Maroons walifika kipindi cha sita cha nyongeza. Kwa hiyo ukiamua kuzitazama na mjukuu, chaji simu kabisa.